Wimbo Kando ya Kaburi

Watu huikumbuka kwaya kwa harusi na Krismasi. Lakini mkizihesabu safari zetu, nyingi zimekuwa za kwenda kuzika. Desturi hii ya kuimba kaburini si ya kale sana pande hizi, na ilianzia jirani.

Misheni ya Kiskoti ilihamia Thogoto kutoka Kibwezi mwaka 1898. Siku hizo Wakikuyu hawakuzika kila mtu. Mzee mwenye mali alizikwa kwa heshima. Wengi wengine walipelekwa kichakani, mara nyingine kabla hata ya kukata roho. Kugusa maiti kulileta thahu, yaani unajisi ambao lazima mtu atakaswe. Tusiwahukumu wazee wetu. Huzuni walikuwa nayo kama sisi; walichoogopa ni mauti kuingia nyumbani. Basi Mkristo wa kwanza aliyembeba maiti kwa mikono yake alionekana anajitafutia balaa.

Miaka hiyohiyo njaa na ndui viliwamaliza watu. Mmisionari Thomas Watson alifariki Thogoto Desemba 1900, mwaka mmoja tu baada ya harusi yake. Mjane wake, Minnie, angeweza kurudi kwao, na nani angemlaumu? Alibaki, akafundisha shule hadi alipostaafu mwaka 1931. Alipofariki Uskoti mwaka 1949, majivu yake yaliletwa Thogoto, yakazikwa kwa mumewe. Sidhani mjane huyo aliacha kulia. Hata Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro, akijua atamfufua. Naye Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuomboleza. Alitaka tu wasiomboleze kama watu wasio na tumaini.

Ndiyo maana mwaka 2020 ulituumiza. Kuanzia Machi, kwa sababu ya korona, serikali iliruhusu watu 15 tu mazishini, jamaa wa karibu. Kwaya ikabaki nyumbani. Hakukuwa na maombi ya jioni nyumbani kwa wafiwa, wala chai, wala mkono wa pole. Majeneza yalishushwa haraka na mchanga ukarudishwa kimya. Wako miongoni mwetu ambao, naamini, hawajamaliza kulia.

Kwa hiyo leo, baada ya neno la shukrani, tutaimba nyimbo zetu za mazishi kwa ajili ya waliozikwa bila sisi. Kama ulizika wakati huo, mpe mwalimu wa kwaya jina la marehemu wako kabla ya ibada kuanza. Litasomwa.