Kanisa la kale la Bagamoyo: ukifika utaona nini

Msikilizaji wetu, ukitoka Mchukwi asubuhi na basi la Mbagala, ukaunganisha hadi Makumbusho kisha Bagamoyo, unafika bado jua halijashuka. Njia ya kuingia misheni ina miembe mikubwa pande zote mbili, kwa hiyo hata wa bodaboda hapotei.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Makanisa yapo mawili, na wageni wengi huyachanganya. Kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Lile dogo lenye mnara ni la 1872, na ndilo tunalokushauri uanze nalo. Februari 1874 maiti ya David Livingstone ililazwa humo, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuibeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Moyo wake waliuzika hukohuko. Mnara unaitwa kwa jina la Mzungu aliyebebwa. Sisi tungependa na waliombeba watajwe.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi watu wa Rufiji ni utumwa. Mapadre walinunua watumwa, wengi wao watoto, wakawaweka katika kijiji walichokiita cha uhuru. Walisomeshwa na kufundishwa ufundi, ila walilima pia mashamba ya misheni na kuishi kwa amri ya mapadre. Uhuru wenye kengele, tuseme.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alipopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, wafanyabiashara wa Kilwa waliwapitisha nchi kavu kuelekea kaskazini, wakiuvuka mto wetu. Mwingereza Frederic Elton, aliyesafiri pwani hii mwishoni mwa mwaka huo, alihesabu zaidi ya 4,000 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Marufuku ya nchi kavu ilikuja 1876. Kwa hiyo ukiona minyororo katika makumbusho ya misheni, usidhani ni habari za watu wa mbali.

Pale nje kuna mbuyu uliopandwa 1868. Kipande cha mnyororo kimemezwa na shina. Inasimuliwa kuwa mama mmoja wa Kifaransa alifungia punda wake hapo.

Makumbusho yana kiingilio, beba fedha taslimu. Vaa nguo ya heshima, na ukikuta ibada inaendelea subiri nje. Waislamu nao huingia kutazama, hakuna anayeulizwa dini.