Kufahamu, Kukubali na Kutambua: Kitenzi katika Uhusiano wa Marekani na China, 1971–1980

Makala haya yanachunguza jinsi uteuzi wa kitenzi kimoja ulivyofungua njia ya diplomasia na biashara kati ya Marekani na Jamhuri ya Watu wa China, pamoja na tatizo linalomkabili mwandishi anayeisimulia historia hiyo kwa Kiswahili.

Mwaka 1950, Vita vya Korea vilipopamba moto, Marekani iliiwekea China vikwazo vya biashara vilivyodumu takribani miongo miwili. Rais Richard Nixon alivilegeza mwaka 1971, na Februari 1972 akazuru China. Ziara hiyo ilihitimishwa kwa Tamko la Shanghai la tarehe 28 Februari.

Kikwazo kikuu kilikuwa Taiwan. Katika matini ya Kiingereza, Marekani ilitumia kitenzi “acknowledge”. Yaani, ilikiri kufahamu kwamba Wachina wa pande zote mbili za mlango-bahari hushikilia kuwa China ni moja na Taiwan ni sehemu yake. Haikusema kwamba yenyewe imekubali. Ilisema tu kwamba haiupingi msimamo huo. Matini ya Kichina ilitumia “renshi dao”, yenye maana ya kufahamu. Hivyo, kila upande uliweza kulitoa tamko hilo bila kuacha msimamo wake. Mwaka huohuo China iliagiza ndege kumi aina ya Boeing 707.

Uhusiano rasmi ulianza tarehe 1 Januari 1979. Tamko jipya lilibakiza kitenzi kilekile cha Kiingereza, lakini matini ya Kichina sasa ilitumia “chengren”, ambacho hubeba maana ya kukubali na kutambua rasmi. Suala hilo lilipoibuka katika Seneti ya Marekani, Warren Christopher, Naibu Waziri wa Mambo ya Nje, alishikilia kuwa matini ya Kiingereza ndiyo inayoifunga nchi yake. Tofauti hiyo haikuzuia biashara: mkataba ulitiwa saini Julai 1979, na kuanzia Februari 1980 bidhaa za China zilitozwa ushuru nafuu. Thamani ya biashara, iliyokuwa chini ya dola milioni 100 mwaka 1972, ilizidi bilioni 2 mwaka 1979.

Katika Kiswahili, “kutambua” hubeba maana zote mbili. Sentensi “Marekani iliitambua serikali ya Beijing mwaka 1979” ni sahihi. Hata hivyo, “Marekani ilitambua kuwa Taiwan ni sehemu ya China” humbebesha msemaji ahadi aliyoikwepa kwa makusudi, na mwanafunzi huipokea kama ukweli wa kihistoria.

Kwa hiyo, tunapendekeza “kutambua” kibaki kwa utambuzi wa kisheria wa dola au serikali, na “kukiri kufahamu msimamo” kitumike penginepo. Ni kirefu zaidi, lakini kinahifadhi utata ambao wanadiplomasia waliuacha kwa hiari. Mfasiri hana mamlaka ya kuumaliza kwa niaba yao.