Weusi wa Gari: Historia ya Rangi na Dawa za Kuifufua

Magari ya farasi ya fahari yaliyotengenezwa Uingereza na Marekani katika karne ya 19 yalibeba juu ya weusi wake kitu kilichochimbwa Mrima, pwani ya Afrika Mashariki. Kitu hicho ni sandarusi, utomvu wa msandarusi uliofukiwa ardhini miaka mingi hata mti wenyewe ukatoweka. Wachimbaji waliitafuta nyuma ya Bagamoyo, Rufiji na Kilwa, ikavushwa Unguja, na huko ikanunuliwa na wafanyabiashara wa Ulaya na wa Salem, Massachusetts. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na sandarusi ikawa miongoni mwa bidhaa kuu za biashara hiyo pamoja na pembe za ndovu. Iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi. Watengenezaji wa vanishi waliihesabu sandarusi ya Zanzibar kuwa miongoni mwa zilizo ngumu kuliko zote.

Ugumu huo ulihitajika kwa sababu ya namna weusi ulivyopakwa. Rangi nyeusi yenyewe ilikuwa masizi yaliyosagwa katika mafuta, na ikikauka hufifia kama ubao wa shule. Kina cha weusi kilitoka kwenye vanishi iliyowekwa juu yake, koti baada ya koti. Kila koti lilisuguliwa kwa unga wa jiwe la pumisi na maji hadi likawa sawasawa, kisha likapakwa jingine katika chumba kisicho na vumbi. Kazi nzima ilichukua wiki kadhaa. Mtu aliyelitazama gari lililomalizika aliuona weusi kupitia ngozi angavu, na ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa ikichakaa.

Utunzaji wake ulikuwa na masharti. Gari liliwekwa mbali na zizi, kwa kuwa amonia inayotoka kwenye mkojo wa farasi huifubaza vanishi. Tope liliondolewa kwa maji mengi kabla kitambaa hakijaigusa rangi. Gari lililopuuzwa halikuwa na dawa ya chupa ya kulirudisha: fundi alilisugua upya kwa pumisi na kulipaka vanishi mpya.

Motokaa zilipoanza kuuzwa, zilipakwa rangi kwa njia hiyohiyo na mara nyingi na mafundi walewale. Hapo ndipo dawa za kung'arisha zilipopata soko. Frank Meguiar alianza mwaka 1901 huko Indiana kwa kuchanganya dawa ya samani, na baadaye kampuni yake ikahamia upande wa magari. Njia hiyo haishangazi, maana meza iliyovanishwa na gari lililovanishwa vilikuwa na ngozi ya namna moja.

Henry Ford aliikata desturi ya vanishi kwa ajili ya wingi. Model T ilitoka mwaka 1908 ikiwa na rangi mbalimbali, lakini kuanzia 1914 hadi 1925 ilitolewa kwa rangi nyeusi tu. Mara nyingi husimuliwa kwamba nyeusi ilichaguliwa kwa kuwa hukauka upesi. Sababu iliyo na uzito zaidi ni kwamba ilikuwa rahisi kwa bei na ilidumu. Msingi wake ulikuwa gilsonaiti, lami ya asili inayochimbwa Utah, iliyochanganywa na mafuta ya kitani. Vyuma vingi vilichovywa au kumwagiwa rangi hiyo kisha vikaokwa tanurini. Zaidi ya magari milioni 15 ya aina hiyo yalitengenezwa hadi 1927, na sehemu kubwa yalikuwa na weusi usio na ngozi angavu ya maana juu yake. Weusi huo ukififia, mwenye gari alikuwa na uso wa rangi yenyewe mbele yake, na chochote alichosugulia kilikula rangi hiyo.

Pigo la mwisho kwa vanishi lilitoka kwenye nitroselulosi, jamii ya kitu kilichotengenezea filamu za picha na baruti isiyo na moshi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya DuPont ilipata laka ya nitroselulosi yenye rangi nyingi lakini nyepesi ya kutosha kupuliziwa kwenye bodi ya gari, ikaiita Duco. General Motors iliitumia kwenye gari la Oakland la mwaka 1924. Kazi iliyochukua wiki ikawa ya saa. Laka hiyo, hata hivyo, ilitoka kwenye bomba la kupulizia ikiwa imefifia. Mng'ao wake ulitengenezwa kwa mkono au kwa mashine, kwa kusugua kwa kompaundi, yaani dawa yenye unga wa kukwangua, hadi uso ulainike. Yaani gari jipya kabisa lilikuwa limekwisha kusuguliwa kabla halijauzwa, na mnunuzi alifundishwa kuendelea na kazi hiyo nyumbani. Chicago ikawa kitovu kimoja cha biashara ya dawa hizo: kampuni ya Simoniz ilikuwa pale, na katika miaka ya 1940 Ben Hirsch alianzisha dawa ambayo baadaye iliitwa Turtle Wax.

Laka nyeusi ndiyo iliyotoa somo kamili la kupuuzwa. Mwanga wa jua huvunja gundi inayoshikilia chembe za rangi, na weusi hunywa joto kuliko rangi nyingine zote. Gundi ikivunjika, chembe hubaki juu kama vumbi, na gari huwa la kijivu chenye weupe. Ukilipitishia kitambaa cheupe chenye dawa, kitambaa huwa cheusi. Wengi huogopa wakiona hivyo, ilhali hiyo ndiyo dalili njema: rangi iliyokufa inatoka, na chini yake ipo iliyo hai. Dawa iliyofaa hapo ilikuwa kompaundi yenye unga wa silika au tripoli kwanza, kisha mafuta ya kulainisha uso uliokauka, kisha nta. Dawa ya Meguiar's iliyopewa namba 7, isiyo na makali na yenye mafuta mengi, imejipatia heshima kwa wafufuaji wa magari ya kale kwa sababu hiyo. Huachwa juu ya rangi kwa saa nyingi ili mafuta yaingie, na weusi uliokuwa majivu hurudi bila kupunguza unene. Ni njia ya subira, na kwa rangi ya zamani isiyoweza kupatikana tena ndiyo ya kuanzia daima.

Nta iliyoaminiwa kuliko zote ilitoka Brazili. Mkarnauba ni mti wa jamii ya mitende unaomea kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, hasa Ceará na Piauí. Majani yake hukatwa wakati wa kiangazi, hukaushwa, kisha hupigwa ili unga wa nta udondoke. Huyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu za Selsiasi, kwa hiyo haitiririki juu ya boneti nyeusi iliyoanikwa juani kama inavyofanya nta ya nyuki. Biashara yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1935 H. F. Johnson, mkuu wa kampuni ya S. C. Johnson, aliruka kutoka Wisconsin hadi Fortaleza kwa ndege ya kutua majini ili kuichunguza mitende hiyo. Baada ya Vita vya Pili, silikoni iliongezwa kwenye dawa nyingi na kazi ya kupangusa ikawa nyepesi. Mafundi rangi waliilalamikia, na kwa haki: mabaki yake hufanya rangi mpya ijikusanye na kuacha vishimo.

Katika miaka ya 1970 na 1980 ngozi angavu ilirudi. Viwanda vilianza kupuliza rangi nyembamba kisha kuifunika kwa tabaka lisilo na rangi, ambalo mafundi wa Afrika Mashariki huliita klia. Kwa umbo ni desturi ileile ya sandarusi, ila sasa ni plastiki ngumu yenye kemikali za kuzuia mionzi ya jua. Unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50, chini ya unene wa unywele wa kichwani. Dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya laka zikakuta uso mgeni. Kompaundi za makali na mashine za kuzunguka zenye pamba ya kondoo ziliacha alama za mduara zinazofanana na utando wa buibui, na kwenye gari jeusi zilionekana toka ng'ambo ya barabara.

Weusi una sababu ya kufichua hivyo. Rangi nyeupe yenyewe hutawanya mwanga, na mkwaruzo hupotea ndani ya mwanga huo. Nyeusi humeza karibu mwanga wote, na jicho hubakiwa na mwanga unaoakisiwa na uso peke yake. Kila mkwaruzo ukitawanya mwanga, huonekana kama uzi mweupe gizani. Ndiyo maana weusi wa Toyota wenye msimbo 202, unaojulikana kwa ulaini, umewasumbua wang'arishaji wengi: hata kitambaa laini huweza kuuacha na alama.

Majibu yalikuja kidogo kidogo. Unga wa alumina ulisagwa laini zaidi, sponji zikachukua nafasi ya pamba, na mashine zinazozunguka huku zikiyumba zikapunguza hatari ya kuunguza. Katika miaka ya 1990 Mjapani Tadao Kodate alipewa hataza za udongo wa kunasa uchafu uliokwama kwenye rangi, na tangu hapo udongo huo hutangulia dawa yoyote. Utaratibu wa kuchagua nao uligeuka. Zamani fundi alianza na dawa kali. Sasa hujaribu eneo dogo kwa dawa laini kuliko zote, hupanda ngazi ikishindikana, na hupima unene kwa kifaa, kwa kuwa maikroni zilizoondolewa hazirudi.

Swali la kwanza limebaki kuwa kama kuna klia. Kitambaa kikitoka cheusi, rangi iko wazi na inahitaji mafuta na mkono mwepesi. Kikitoka kisafi, kinachosuguliwa ni klia. Na kuna hali ambayo dawa zote hukoma. Magari mengi yaliyotumika Japani hufika Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na miaka kadhaa ya jua juu yake, na jua la pwani huongeza. Klia kwenye paa na boneti hupauka, hupasuka, kisha hubanduka vipande vipande. Hapo hakuna tena cha kung'arisha. Fundi hupiga msasa hadi mahali palipo pazima, hupuliza weusi mpya, kisha huweka klia makoti mawili au matatu.