Raga, kura na kamera: New Zealand mwaka 1981

Wiki hii zamu ya historia imetuangukia sisi wa kundi la picha, na tumechagua habari ya mbali kidogo. Mtuvumilie, mtaona tunakoelekea.

Kila mwaka tarehe 18 Julai ikifika, picha moja inazunguka kwenye simu zetu: mzee Mandela amevaa jezi ya kijani ya raga na kofia yake, anampa kombe kapteni François Pienaar. Ilikuwa Johannesburg, 24 Juni 1995, Afrika Kusini imetoka kuwashinda New Zealand 15 kwa 12. Picha nzuri sana, hata sisi tumeituma mara nyingi. Lakini miaka 14 kabla ya hapo, nchi hizo hizo mbili na jezi hiyo hiyo ya kijani zilitoa picha za aina nyingine kabisa. Za uwanja uliozungushiwa seng'enge, polisi wenye virungu virefu, na wananchi wa mji mmoja wakirushiana chupa. Kwa sisi tunaoshika kamera, hizo ndizo za kusoma.

Kwanza raga yenyewe, maana hapa kwetu tumezaliwa na soka. Ule mpira wa mviringo uliorefuka, unaobebwa mkononi, kwa watu wa New Zealand si mchezo wa wakubwa tu. Kila mji mdogo una klabu yake, kila eneo lina timu yake ya mkoa, na siku ya Jumamosi wakulima wa kondoo, walimu na wenye maduka wanakutana pale pale kwenye nyasi. Ukitaka kujua mbunge anakubalika au hapana, nenda uwanjani. Kwa hiyo mwanasiasa anayegusa raga anagusa sebule za watu.

Na waliigusa zamani sana. Afrika Kusini ya Makaburu ilikuwa haitaki mchezaji mweusi, na chama cha raga cha New Zealand kilikubali kuwaacha nyumbani wachezaji wake Wamaori, wenyeji wa nchi ile, ili kisiwaudhi wenyeji wa safari. Mwaka 1960 timu ilikwenda bila Mmaori hata mmoja, ingawa watu wengi waliandamana kupinga. Mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa, lakini kwa cheo cha "weupe wa heshima". Someni hayo maneno tena polepole.

Sasa tuingie kwenye kampeni. Mwaka 1973 Waziri Mkuu Norman Kirk wa chama cha Labour aliizuia timu ya Afrika Kusini, Springboks, isije. Kabla ya uchaguzi alikuwa amesema hataingilia, kisha akaingilia. Sababu moja ni kwamba mji wa Christchurch ulikuwa unajiandaa kupokea Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974, na nchi za Afrika zingeweza kususa. Hazikususa. Ndiyo maana Filbert Bayi wa Tanzania alikuwepo Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akatoka mbele tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Wa pili alikuwa kijana wa New Zealand, John Walker, na wa tatu Ben Jipcho wa Kenya. Wazee wetu bado wanaisimulia mbio ile, ila hawajui kwamba raga ndiyo iliyoiruhusu.

Mwaka 1975 Robert Muldoon wa chama cha National alifanya kampeni kali. Kwenye televisheni chama chake kilitumia katuni za Warusi wanaocheza ngoma, kuwatisha watu kwamba mpango wa pensheni wa Labour unaleta ukomunisti. Na kuhusu raga alisema wazi: serikali yake haitazuia timu yoyote. Uchaguzi uliopita Labour ilipata viti 55 na National 32. Safari hii ikageuka, National 55, Labour 32. Hatusemi raga peke yake ndiyo ilifanya hivyo, uchumi nao ulikuwa mbaya. Ila ahadi ya raga ilikuwa kwenye kapu moja na zile zingine.

Matokeo yake tuliyaona huku kwetu. Katikati ya 1976 timu ya All Blacks ilikwenda Afrika Kusini, wakati watoto wa shule wa Soweto wanapigwa risasi. Nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zikatoka kwenye Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand haikufukuzwa. Bayi hakukimbia. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500 bila yeye. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 1972, naye hakupata nafasi ya kutetea medali yake. Kuna picha ya Walker amenyoosha mikono akivuka mstari. Ukiitazama ukijua hayo, unamtafuta mtu ambaye hayupo kwenye fremu.

Basi, 1981. Uchaguzi ungekuwa Novemba. Mwezi wa saba Springboks wakafika, siku 56 za mechi, na Muldoon hakuwazuia. Mechi ya kwanza ilikuwa Gisborne, mji mdogo wa mashariki, tarehe 22 Julai. Ya pili Hamilton, tarehe 25 Julai, na hii ndiyo tunataka kukaa nayo.

Jifikirie wewe ni mpiga picha wa gazeti siku ile. Nafasi yako ni pembeni ya uwanja karibu na magoli, lenzi ndefu, filamu ya picha 36 kwenye kamera na zingine mfukoni. Si kama simu, huwezi kupiga mia halafu ufute. Umekuja kwa ajili ya mpira. Mara uzio unaangushwa, watu kama 350 wanaingia katikati ya uwanja, wanashikana mikono kwa nguvu na kusimama. Jukwaani maelfu ya mashabiki waliolipa tiketi wanapiga kelele, chupa zinaanza kuruka. Polisi wanakamata mmoja mmoja, wameshafika kama 50, halafu inakuja habari kwamba kuna mtu ameiba ndege ndogo na anakuja upande wa uwanja. Mkuu wa polisi anafuta mechi. Sasa wewe na filamu yako, unageukia wapi? Kwa wale waliosimama katikati, au kwa yule baba jukwaani aliyemleta mwanawe kuona mechi ya maisha yake na sasa amekunja uso, anataka kupiga mtu?

Picha zote mbili ni za kweli. Na hapa ndipo siasa inapoingia, si kwenye kupiga, kwenye kuzisoma. Afrika Kusini televisheni ilianza 1976 tu, na watu kule waliamka usiku wa manane kuangalia mechi moja kwa moja. Wakaona wazungu wenzao wamesimama uwanjani kwa ajili ya watu weusi. Mandela alieleza baadaye jinsi habari ile ilivyowafurahisha wafungwa wa Robben Island. Kule picha ile ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi. Lakini kwenye miji midogo ya New Zealand picha ile ile ilisomwa hivi: wahuni wa mjini wametuharibia Jumamosi yetu.

Muldoon alizijua sebule zile. Kadiri maandamano yalivyokuwa makali, ndivyo alivyoweza kusema uchaguzi ni kati ya sheria na fujo. Tarehe 29 Julai polisi waliwapiga waandamanaji virungu barabarani Wellington, mtaa wa Molesworth. Tangu hapo waandamanaji walikuja na helmeti za pikipiki, viwanja vikazungushiwa seng'enge. Tarehe 12 Septemba, mechi ya mwisho Auckland, ndege ndogo ilipita chini chini juu ya uwanja wa Eden Park ikidondosha mabomu ya unga. Ndiyo, unga, ule ule wa chapati. Moja likamwangusha Gary Knight wa All Blacks. Mechi ikaendelea, New Zealand wakashinda 25 kwa 22 kwa penalti ya dakika za nyongeza. Nje ya uwanja, watu waliovaa nguo za kuchekesha kama za sarakasi walipigwa na polisi.

Kwa jumla watu kama 150,000 walishiriki maandamano ya miezi ile, na kama 1,500 walishtakiwa. Kisha 28 Novemba wakapiga kura. Labour ilipata kura nyingi kidogo kuliko National nchi nzima. Lakini viti ndivyo vinavyohesabiwa: National 47, Labour 43, Social Credit 2. Muldoon akabaki, kwa sababu alishikilia majimbo ya miji midogo, kule kwenye viwanja vya klabu. Kwa maoni yetu, waandamanaji walishinda picha na wakashindwa uchaguzi, na hawakukosea kuchagua hivyo. Mfungwa wa Robben Island hakuwa na kura Gisborne. Picha ndiyo pekee iliyoweza kumfikia.

Kuna waliopiga picha zile wakiwa pande tofauti za uzio. Peter Bush aliwafuata All Blacks kwa miongo mingi, mtu wa raga kabisa, wachezaji wanamjua kwa jina. John Miller, Mmaori, alikuwa anapiga maandamano tangu miaka ya 1960, anatembea ndani ya msafara, si mbele yake. Sisi tuliobishana juu ya hawa wawili hatukukubaliana nani anatufaa zaidi. Wengine walisema Miller, kwa sababu anakaa na watu wake. Wengine tukasema usimdharau Bush: mtu anayeupenda mchezo anaona unachofanyiwa.

Neno linalorudi kila mara ni "msilete siasa kwenye michezo". Muldoon na wenzake walilitumia sana, watu ambao waliibeba raga kwenye kampeni. Sisi nalo tunalijua. Kuna siku wageni walikuja uwanjani kwetu kugawa mipira, na mmoja wao akamwambia dada yetu aliyekuwa na kamera apige mechi tu, asigeuke kupiga foleni ya maji iliyokuwa nyuma ya goli. Alisema ni siku ya michezo. Dada yetu alipiga mechi. Tukizitazama zile picha leo, kila aliye ndani anacheka, na mtu akiziona huko nje atafikiri maji yapo. Sisi hatupigi kura hapa, na kule tulikotoka hakuna anayetuletea sanduku. Picha ndiyo karatasi yetu, na mtu mwingine alitujazia.

Lakini liko jambo la pili, na ni zito kuliko hilo. Merata Mita, mama wa Kimaori, alitengeneza filamu ya matukio yale ya 1981, iliitwa Patu!, ikatoka 1983. Polisi waliitaka mikanda yake, maana nyuso za waandamanaji zingewafaa mahakamani. Ikabidi aifiche. Hebu fikiria: unapiga picha kumtetea mtu, na picha ile ile inakuwa shahidi wa kumfunga. New Zealand mtu alipigwa faini au alifungwa kidogo, akarudi kwake. Kati yetu wapo ambao sura yao ikionekana upande wa pili wa mpaka, ndugu waliobaki nyumbani ndio watakaolipa.

Kwa hiyo kundi la picha tumekubaliana hivi tangu mwezi uliopita. Siku za mechi tunageuka na kupiga foleni pia, jukwaa pia, na yeyote anayesimama mbele ya kamera na bendera au fulana ya chama, awe mgeni au wa kwetu. Kila picha inaandikwa tarehe, saa na mahali tuliposimama. Nyuso za watu wazima haziendi kwenye kundi hili bila wao kukubali, na za watoto haziendi bila mzazi. Picha za foleni ya maji ya wiki iliyopita tunazo, migongo tu, 22. Mwenye kutaka kuziona aje kwetu baada ya darasa la jioni, simu ya kuangalizia iko na mwalimu wetu wa picha.