Rubani wa Chicago katika anga la Ethiopia

Alfajiri ya tarehe 3 Oktoba mwaka 1935, majeshi ya Italia yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea na kuingia Ethiopia bila ya kutangaza vita. Ndege zao ziliushambulia kwa mabomu mji wa Adwa, mahali ambapo Waethiopia waliwashinda Waitalia mwaka 1896. Miongoni mwa walioshuhudia mashambulizi hayo ni rubani mweusi kutoka Marekani, John Robinson.

Msikilizaji, marubani wa Kimarekani waliojitolea kupigana chini ya bendera za mataifa mengine si wachache. Walikuwepo Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Uingereza na China katika Vita vya Pili. Wote hao walipewa ndege za kivita. Robinson alipewa ndege isiyo na silaha.

Alikulia Gulfport, katika jimbo la Mississippi, na kujifunza ufundi wa magari katika chuo cha Tuskegee. Alipohamia Chicago, shule ya urubani ya Curtiss-Wright ilimkatalia nafasi kwa sababu ya rangi yake. Aliomba kazi ya kufagia katika shule hiyo hiyo, akawa anasikiliza masomo huku akishika ufagio. Hatimaye yeye na mwenzake Cornelius Coffey walikubaliwa, wakahitimu, kisha wakawafundisha Wamarekani weusi wengine kuruka.

Sifa zake zilimfikia Malaku Bayen, jamaa wa Mfalme Haile Selassie aliyekuwa akisomea udaktari mjini Washington. Mwaka 1935 Robinson aliwasili Addis Ababa, na baadaye akakabidhiwa uongozi wa jeshi la anga akiwa na cheo cha kanali.

Jeshi lenyewe lilikuwa la jina zaidi kuliko la vitendo. Ndege zake hazikuzidi dazani mbili, nyingi zikiwa kuukuu, na si zote zilizoweza kuruka. Italia ilileta ndege kwa mamia. Kwa hiyo kazi ya Robinson haikuwa kushambulia. Alipeleka barua za Mfalme katika medani za vita, akasafirisha maofisa na dawa, akipita juu ya milima mirefu huku akiziepa ndege za adui. Kinga yake ilikuwa mawingu na mabonde.

Ni kwa nini basi Ethiopia haikununua ndege za kujilinda? Marekani ilipiga marufuku kuuza silaha kwa pande zote mbili. Marufuku hayo yalionekana ya haki, lakini Italia ilikuwa na viwanda vyake vya silaha, na Ethiopia haikuwa navyo. Shirika la Mataifa liliiwekea Italia vikwazo mwezi Novemba 1935, lakini mafuta, ambayo ndege na malori hayaendi bila hayo, hayakuguswa. Mfereji wa Suez nao uliachwa wazi kwa meli za Italia. Ndege hizo zikaendelea kuruka, zikimwaga gesi ya sumu juu ya askari na raia.

Wamarekani weusi wengi walitaka kwenda kupigana, lakini sheria za nchi yao ziliwazuia. Mjini London, Jomo Kenyatta alikuwa katibu wa chama cha Waafrika kilichoitetea Ethiopia.

Waitalia waliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei mwaka 1936. Robinson alikuwa amekwisha ondoka. Aliporejea Marekani, maelfu ya watu walimlaki Chicago kama shujaa.

Ukoloni huo ulidumu miaka mitano. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yaliyotokea Kenya, yakiwemo ya askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki, yaliingia Addis Ababa, na Mfalme akarejea tarehe 5 Mei. Robinson alirudi mwaka 1944 kufundisha marubani wa Kiethiopia. Alifariki dunia mwezi Machi 1954 kutokana na ajali ya ndege, akazikwa Addis Ababa.

Robinson hakuangusha hata ndege moja ya Italia. Hata hivyo kisa chake kinabakisha ushahidi mmoja. Mwaka 1935 Ethiopia haikukosa watu walio tayari kuifia, hata kutoka ng'ambo ya bahari. Ilinyimwa silaha na mataifa yaliyoapa kuilinda.