Kuvu za mizizini: Jinsi msitu unavyokomaa chini ya ardhi

Na Mwandishi Wetu

MSITU mchanga na msitu wa miaka mia moja hutofautiana kwa unene wa mashina na ukubwa wa kivuli. Tofauti nyingine, ambayo mpita njia haioni, imo ardhini: kuvu zinazoishi katika mizizi ya msitu mmoja si zile za mwingine.

Kuvu hizo ni jamaa ya uyoga. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hushikamana na mizizi midogo ya mti, kisha hutambaa udongoni kutafuta maji, fosforasi na nitrojeni. Mti hupokea virutubisho hivyo na kulipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani.

Mwaka 1885, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliupa ushirika huo jina la mikoriza, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuvu na mzizi.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza, iliyo katika mimea mingi zaidi duniani, huingia ndani ya chembehai za mzizi. Ya pili huvika ncha za mizizi kama ala inavyovika kisu. Aina hii ya pili ndiyo iliyochunguzwa sana kuhusu mabadiliko ya misitu.

Zinazotangulia na zinazofuata

Mfano unaotajwa sana unatoka Scotland. Katika miaka ya 1970 na 1980, wanasayansi waliokuwa karibu na mji wa Edinburgh walifuatilia miti ya betula iliyopandwa kwenye ardhi iliyokuwa ya kilimo, wakiandika uyoga uliojitokeza kila mwaka kuizunguka.

Miaka ya mwanzo ulionekana uyoga wa jamii za Hebeloma, Laccaria na Inocybe. Miti ilipozidi kukua, zikafuata jamii za Lactarius, Leccinum na Russula. Zile zilizotangulia zilisogea nje pamoja na mizizi michanga, nazo zilizofuata zikashika nafasi karibu na shina.

Kuvu za mwanzo huweza kuota kutokana na vumbi la uzazi la uyoga linalopeperushwa na upepo, na hutosheka na sukari kidogo ya mche. Nyingi za baadaye hujenga mtandao mkubwa zaidi wa nyuzi, ambao mche peke yake huenda usiweze kuulisha.

Aidha, msitu unapozeeka majani makavu hurundikana, na nitrojeni nyingi hubaki imefungwa ndani ya mboji. Baadhi ya kuvu za misitu iliyokomaa, kama zile za jamii ya Cortinarius, zina uwezo wa kuivunjavunja mboji hiyo. Hata hivyo, si kuvu zote hupokezana zamu. Cenococcum geophilum, kwa mfano, hupatikana katika misitu ya rika zote.

Umri wa mti au wa msitu?

Watafiti wa Scotland walipopanda miche karibu na betula zilizokomaa, miche hiyo ilipata kuvu za baadaye ingawa ilikuwa michanga. Walipokata mizizi ya mti mkubwa na kuitenganisha na miche, kuvu za mwanzo ndizo zilizotawala.

Maana yake ni kwamba kinachoamua si umri wa mche peke yake, bali pia jirani yake. Kuvu nyingi za baadaye humfikia mche kupitia mizizi hai ya mti uliotangulia.

Hali inayofanana na hiyo ilionekana kwenye Mlima Fuji nchini Japani, mahali palipofunikwa na mlipuko wa volkano wa mwaka 1707. Huko, miche iliyoota kando ya vichaka vya zamani ilipata kuvu kwa urahisi, na iliyoota mbali mara nyingi ilizikosa.

Funzo kwa Tanzania

Jambo hili linaihusu pia Tanzania. Mwaka 1982, mtafiti Peter Högberg alichapisha uchunguzi wa mikoriza katika miti ya nchini. Miti mikuu ya miombo, ya jamii za Brachystegia na Julbernardia, ina mikoriza ya ala. Uyoga mwingi unaookotwa na kuliwa wakati wa masika katika maeneo ya miombo hutokana na ushirika huo.

Miombo ikikatwa kwa ajili ya mkaa, visiki na mizizi yake mara nyingi hubaki hai na kuchipua, hivyo kuvu huendelea kuwa na makao. Visiki vikishang'olewa na shamba kulimwa miaka mingi, makao hayo hutoweka.

Miti ya paini nayo, kama ile ya Sao Hill wilayani Mufindi, si ya asili ya Afrika Mashariki. Wakuzaji wa miti hiyo barani Afrika walijifunza kuchanganya katika vitalu udongo uliotoka chini ya paini za zamani, kwani bila kuvu zake miche ilidumaa.

Kwa hiyo, idadi ya miche iliyopandwa ni kipimo kimoja tu cha msitu unaorejeshwa. Kuacha miti mikubwa ya asili ikiwa imesimama, kutong'oa visiki vinavyochipua na kuanza kupanda kando ya msitu uliobaki huipa miche nafasi ya kupata kuvu ambazo, mbali na mizizi ya zamani, huweza kuchukua miaka mingi kufika.