Sumbawanga: Jina, Mji na Njia Zake

Jina la mahali ni hati ya historia, na hati isomwapo vibaya huwadhulumu wenyewe. Ndivyo lilivyofanyiwa jina la Sumbawanga. Wageni wengi husikia neno wanga, ambalo katika Kiswahili huwataja wachawi, wakadhani kuwa mji huo umepewa jina kwa wingi wa uchawi. Kumbe, kwa maelezo ya Wafipa wenyewe, sumba ni kutupa. Jina zima basi ni amri: tupa uchawi. Asomaye nusu yake hugeuza katazo kuwa sifa.

Uwanda wa juu wa Ufipa uko baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Kabla ya kuja Wajerumani palikuwa na himaya mbili, Nkansi na Lyangalile. Na kabla ya hizo ulikuwako utemi wa Milansi, ambao heshima yake ya kimila haikuondolewa na watawala waliofuata. Jina la Nkansi lingaliko katika Wilaya ya Nkasi.

Majina ya kigeni hayakudumu hivyo. Wajerumani walijenga boma huko Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, wakapaita Bismarckburg. Leo ni Kasanga tu. Meli yao Graf von Götzen, waliyoizamisha wenyewe mwaka 1916, iliopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa hilo.

Mwaka 1969 Jimbo Katoliki la Karema liliitwa Jimbo la Sumbawanga, chini ya Askofu Karolo Msakila, aliyeliongoza hadi mwaka 1994. Mwaka 1974 ukaundwa Mkoa wa Rukwa, na Sumbawanga ikawa makao yake makuu. Mji hauna reli. Barabara ya kusini huufikisha Tunduma, penye reli ya TAZARA. Ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Ya magharibi hupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, na ya kaskazini huelekea Mpanda.

Barabara hizo huleta watu na bidhaa. Hapana budi zilete na maneno pia. Mafundi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, wingi wake malungu. Wakulima wao hufukia majani ndani ya vichuguu vya udongo, yaoze na kuurutubisha. Kichuguu hicho huitwa intumba. Neno letu tuta halitoshi, kwani halielezi mbolea iliyomo ndani. Tunaona kuwa maneno haya yanastahili kufikiriwa na waundaji wa istilahi za ufundi na kilimo. Lakini yachukuliwe pamoja na maana waliyoyapa wenyewe, yasije yakapatwa na yaliyolipata jina la mji wao.